Pambizo ya Karatasi ya Nne

Mama Kipimo hakuamini kitu ambacho hakijapimwa. Ukimwambia mlango wako una upana wa mita moja, atakuitikia vizuri tu, atakuuliza habari za nyumbani, kisha atachomoa rula ya chuma mkobani aupime mbele ya macho yako. Na mara nyingi, niwaambie ukweli, huwa si mita moja. Jina hilo la utani alipewa kazini akiwa msichana, likamganda mpaka watu wa mtaani wakadhani ndilo alilopewa na mama yake.

Alikuwa na miaka sitini na bado anachora. Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili juu ya barabara ya maduka, chumba chenye dirisha kubwa, meza yake ya mteremko na kopo lililojaa kalamu. Wenzake walichora ramani za viwanja kwa kompyuta, hodari kweli, lakini siku mipaka ya majirani wawili inapogoma kukutana waliibeba karatasi kwa aibu mpaka mezani kwake. Naye, kabla hata ya kuiangalia, alisema lile neno lake: "Umesoma pambizo?"

Kwa Mama Kipimo ramani isiyo na pambizo ni picha ya kutundika ukutani. Pale pembeni, nje ya mstari, ndipo mchoraji huandika eneo lilipimwa mwezi gani, kwa kipimo gani, na kitu gani cha kuhadhari. Mto unaovukika kwa miguu wakati wa kiangazi huua watu wakati wa masika. Mchoro wenyewe hausemi hivyo, pambizo ndiyo husema.

Chini ya ngazi za jengo lile lile alikaa kaka yake, fundi saa, ndani ya kibanda cha vioo kisichotosha watu watatu. Alimzidi miaka mitano. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache, jicho moja limefungwa kwa kile kioo cheusi cha kukuzia, vidole vikitembea kwenye gurudumu dogo kuliko punje ya mchele. Miaka thelathini na sita alikuwa pale. Na kabla ya hapo, alikuwa Luteni.

Haya, tuje kwenye vita, maana ndiyo iliyotuleta hapa. Wakati wa vita kaka alikuwa na askari thelathini na mmoja chini yake, na dada alikuwa mchoraji katika makao makuu, msichana wa miaka ishirini na miwili. Siku ya mapigano ya Kivuko, Luteni aliamriwa kwa simu ya upepo avuke mto, kwamba maji ni ya magotini. Akafika, akayatazama yale maji, akakataa. Akaamriwa mara ya pili, akakataa. Mara ya tatu, akakataa. Ushindi ukachelewa siku mbili, na Luteni akapelekwa mahakama ya kijeshi, akavuliwa cheo kwa woga.

Mama Kipimo alikuwa na jibu lake, na hakulionea haya. Ramani ile aliichora yeye, ilipimwa mwezi wa tisa, kiangazi, na pambizoni aliandika kwa mkono wake mwenyewe kuwa masika pale hapapitiki. "Wakubwa hawakusoma pambizo!" Hilo alilisema harusini, akalisema msibani, akalisema kwenye foleni ya kulipia maji mbele ya watu wasiomjua. Kaka yake akilisikia alikuwa akiinamia saa zake kana kwamba hakusikia.

Basi mambo yangeishia hapo. Lakini mhadhiri mmoja wa chuo akaandika kitabu kinene juu ya vita hivyo, na sura nzima aliipa Kivuko. Humo akamweka "luteni aliyeogopa maji ya magotini". Kitabu kiliumiza kidogo tu, kwa kuwa vitabu vinene husomwa na wachache. Kilichoumiza ni gemu. Kampuni moja ya vijana ilikichukua kile kitabu ikakigeuza mchezo wa kwenye skrini, na gemu, jamani, huchezwa mpaka na asiyejua kusoma. Mchezaji anakuwa sajenti shujaa. Anafika mtoni, anamkuta Luteni amejificha nyuma ya jiwe, kofia imekaa upande, anatetemeka na kupiga kelele: "Rudini! Rudini, tutakufa!" Unamsukuma kando, unavuka, maji yanaruka, muziki unapanda.

Ukelele ule ukashika mji. Wapita njia wakawa wanautupa mbele ya kibanda cha vioo na kucheka. Mbaya kuliko wote alikuwa mwokaji mikate wa ng'ambo ya barabara, mtu mzima na ndevu zake, ambaye kila asubuhi akifungua duka alianza siku kwa "Rudini, tutakufa!" Fundi saa hakuinua kichwa. Lakini Jumatatu moja Mama Kipimo aliteremka akamkuta kaka anaviringisha vifaa vyake, kimoja kimoja, ndani ya kitambaa chenye mafuta.

"Mwisho wa mwezi nafunga," alisema. "Nitaenda kukaa kwa binti yangu."

"Kwa binti yako ni mwendo wa siku mbili. Utafanya nini huko?"

"Nitakaa."

Mama Kipimo alipanda ngazi, akachukua mkoba, akaangalia kama rula imo, akatoka. Hasira aliyokuwa nayo ingechemsha birika.

Karakana ya gemu ilikuwa chumba kirefu chenye mapazia mazito, nyaya zimetapakaa sakafuni, vikombe vya chai vilivyosahaulika kila mahali. Aliyeiongoza alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mfupi, mchangamfu, wenzake wakimwita Bosi Mdogo. Alimkaribisha mgeni kwa heshima zote. Na kwa bahati, au kwa bahati mbaya, yule Mhadhiri naye alikuwepo siku hiyo, kwani walikuwa wakitengeneza sehemu ya pili.

"Mimi ndiye niliyechora ramani ya Kivuko," alisema Mama Kipimo hata kabla ya kukaa. "Nimekuja kuona mlivyoiharibu."

Wakampa kidude cha kuchezea. Mwanzoni sajenti alitembea akigonga mti, akarudi, akagonga mti ule ule. "Huyu shujaa wenu ana kizunguzungu," alisema. Kisha akarusha bomu la mkono, likawaangukia wenzake, akasema samahani kwa sauti kama vile wangemsikia. Mwishowe akafika mtoni. Akamwona kaka yake nyuma ya jiwe, mwenye sura ya ujana, anatetemeka. Hakulia. Alichomoa rula akaiweka juu ya skrini.

"Askari huyu ana urefu gani?"

"Mita moja na sabini na tano, mama," alisema Bosi Mdogo.

"Basi maji haya ni sentimita arobaini na tano. Na hapa ni mwezi gani?"

"Wa nne. Kama ilivyokuwa."

"Mwezi wa nne mto ule unameza lori! Kuna mtu hapa amesoma pambizo?"

Mhadhiri alikohoa kwa adabu. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. "Mama, nimefanya utafiti miaka sita. Ramani iliyokuwa mezani kwa kamanda nimeishika kwa mikono yangu. Haina onyo lolote. Kwa kweli, haina pambizo."

"Ramani haina pambizo? Labda na wewe huna kisogo."

Mhadhiri akafungua picha ya ramani hiyo, ikajaa skrini kubwa ya ukutani. Karatasi sita zilizounganishwa kuwa ramani moja ya meza nzima. Mama Kipimo akasogea kuonyesha kwa kidole, na kidole kikabaki hewani. Kati ya karatasi ya nne na ya tano, pale Kivuko kilipo, ukingo ulikuwa umekatwa. Mkato wenyewe ulilalia upande usio wa kawaida, na mahali pamoja mkasi ulikuwa umeteleza ukaacha pengo dogo. Katika chumba kizima cha wachoraji wa makao makuu mashoto alikuwa mmoja tu, yeye.

Yote yakamrudia. Desturi ya wachoraji wakiunganisha karatasi ni kukata pambizo za katikati ili mito na barabara zikutane, kisha maneno ya pambizo zilizokatwa yanaandikwa upya kwenye ukingo wa nje wa ramani kubwa. Kamanda alitaka ramani saa hiyo hiyo. Yeye akakata, akabandika kwa gundi, akashika kalamu aandike, na nje lori la kuichukua likapiga honi. Likapiga tena. Akajiambia ikirudi nitamalizia. Haikurudi. Ilikwenda mezani kwa kamanda, toka hapo mahakamani, toka hapo kwenye kabati la nyaraka. Na yeye, kwa kuwa alikumbuka vizuri kuyaandika yale maneno mara ya kwanza, alisahau kabisa kwamba hakuyaandika mara ya pili. Miaka thelathini na minane aliwatukana majenerali kwa kutosoma kitu alichokikata yeye. Nyani haoni kundule.

Akarudisha rula mkobani. "Nitarudi kesho saa nne," alisema. "Msiguse kitu."

Nyumbani alikuwa na kopo la biskuti ambalo mwanamke mwingine angeweka vifungo. Yeye aliweka vipande vya pambizo. Wachoraji wa zamani hawakutupa vipande hivyo, walijaribia kalamu kama wino unashuka sawa. Alivimwaga vyote kitandani, jua la alasiri likiingia dirishani, akavipekua. Kikajitokeza. Kimekuwa cha rangi ya chai, kimejaa vistari vya majaribio, na chini ya vistari mwandiko wake wa usichana: *Maji magotini, mwezi wa tisa. Masika kivuko hakipitiki kabisa.*

Alilia, tusifichane. Aliketi sakafuni akalia kwa sauti, mwanamke wa miaka sitini, mpaka kilemba kikamtoka. Kisha akanawa uso. Wahenga walisema ukivuliwa nguo chutama, na Mama Kipimo hakuwa mtu wa kukimbia huku na huko akitafuta kanga.

Asubuhi alianzia chini ya ngazi. Kaka alikuwa amekaa mbele ya meza karibu tupu. Alikiweka kile kipande mbele yake bila salamu. Fundi saa akavaa kioo chake cha jicho, akakiangalia polepole kutoka mwanzo hadi mwisho kama anavyoangalia saa ya mteja, akakivua.

"Umechelewa," alisema.

"Nimechelewaje?"

"Mimi niliiona siku ile ile. Mahakamani waliitandaza ramani mezani wakaniuliza, onyesha palipoandikwa kuwa hapapitiki. Nikaona mkato wa mashoto. Wewe ndiye uliyekata mapazia ya mama yakapinda vile vile, nani asiyeujua mkasi wako?"

Mama Kipimo alivuta kiti cha wateja akaketi.

"Mimi walikuwa wananivua cheo," kaka aliendelea. "Wewe wangekufunga. Ramani ya vita, watu wangekufa, nani angekuhurumia? Nikawaambia haijaandikwa popote. Na kweli haikuwa imeandikwa."

"Na baada ya hapo? Nyumbani? Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungekaa kimya?"

"Hata dakika moja!"

"Basi ndiyo hivyo."

Hapo hasira ikampata, hasira ya kweli, akapiga meza mpaka skrubu zikaruka. "Umeniacha nikijianika miaka yote hii! Nimewasema wakubwa mpaka kwenye mazishi ya wakubwa wenyewe! Na wewe umeinamia saa zako unanisikiliza!"

"Kuna siku nilitaka kucheka," alikiri kaka, na pembe za mdomo zikamcheza. "Ile ya foleni ya maji." Kisha akakirudisha kipande mkononi mwake. "Kichome. Mimi nimeshazoea."

"Wewe umezoea. Mimi nimejua jana." Akakikunja ndani ya leso. "Na usifunge chochote mpaka nikuambie."

Saa nne kamili, kwa saa iliyotengenezwa na kaka yake, alikuwa karakanani. Akadai ile picha ichapishwe kwa ukubwa wake halisi, si karibu na halisi. Ikachapishwa. Akaipima, akairudisha, ikachapishwa tena. Ndipo alipokisogeza kipande kwenye mkato, na ulimi wake mdogo ukaingia kwenye pengo la mkasi kama ufunguo kwenye kufuli lake. Vijana wote walikuwa wameacha viti vyao.

"Hii ndiyo pambizo," alisema. "Na aliyeikata ni mimi. Luteni alikuwa sahihi, kamanda alikuwa ameangalia alichopewa, na mwenye kosa amesimama mbele yenu. Andikeni hivyo."

Mhadhiri alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Kitabu kimeshachapishwa, mama."

"Kina pambizo, hakina?"

"Kinayo."

"Basi kuna nafasi. Na toleo lijalo andika katikati."

Mhadhiri, ni heri tumpe haki yake, akatoa kalamu akaanza kunakili maneno ya kile kipande. Aliyekuwa na shida ni Bosi Mdogo. "Mama, nakuelewa. Lakini gemu ni watu kuvuka. Nikiweka mto usiovukika, mchezaji afanye nini? Asimame? Nani atacheza vita vya kusimama?"

"Nani amekuambia uwazuie? Waache wavuke."

"Halafu?"

"Halafu wafe. Wote thelathini na mmoja, mmoja mmoja, kwa majina. Majina nitakupa, kaka anayajua kama anavyojua vidole vyake. Mchezaji akichoka kuua watu, atasimama mwenyewe. Na akisimama, kamanda amtukane kwenye simu ya upepo mara tatu, kama alivyotukanwa yeye. Tuone nani shujaa."

Kijana mmoja mwenye vipokea sauti vya masikioni shingoni akasema taratibu, "Hiyo ni ngumu sana kucheza," na Bosi Mdogo akamjibu, "Ndiyo maana naitaka."

Kazi ilichukua wiki sita. Mama Kipimo alikwenda kila alasiri baada ya ofisi, akapima kina cha mto wa kwenye skrini mpaka maji yenyewe yakamwogopa. Kaka hakutaka kwenda huko. Vifaa vilibaki kwenye kitambaa, akimngojea dada amalize ukaidi wake. Mara moja tu Bosi Mdogo alimfuata kibandani na daftari, kwa kuwa walikuwa na tatizo: wamefuta ule ukelele, na sasa Luteni amesimama pale mtoni bila neno. Siku ile alisema nini hasa?

Fundi saa alifikiri. "Baada ya amri ya tatu nilizima ile simu. Vijana walikuwa wananitazama, wana njaa tangu jana. Nikasema, kaeni chini, mle kwanza."

"Basi?"

"Tulikuwa na mikate na maharage ya kopo. Wakala."

Gemu jipya likatoka siku ya Ijumaa. Jumanne iliyofuata, asubuhi, Mama Kipimo alikuwa kibandani akimsihi kaka aongeze mwezi mmoja tu, walipomwona mwokaji anavuka barabara. Hakupiga kelele leo. Alikuja na aproni yake ya unga, mkate wa moto kwapani, akasimama mlangoni mwa vioo. Macho yalikuwa mekundu kama mtu asiyelala vizuri siku kadhaa.

"Mzee," alisema, "nimewaua wote mara nne."

Fundi saa akainua kichwa. Akamtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ukelele uanze.

"Mara ya tano?"

"Nilikaa." Mwokaji alipangusa unga mkononi. "Nilitukanwa, nikakaa. Mwisho yakaja yale majina, na mbele ya kila jina pameandikwa alirudi nyumbani. Nikayahesabu. Thelathini na moja." Akavua saa yake mkononi akaiweka mezani. "Hii imesimama muda mrefu. Nilikuwa naona haya kuileta."

Kaka akaichukua, akaitikisa sikioni. Kisha akavuta kile kitambaa chenye mafuta kutoka chini ya meza, akafungua fundo, akaanza kuvipanga vifaa vyake mahali pake, kimoja kimoja, huku mwokaji akisimama na mkate wake asijue auweke wapi.

"Mashoto," alisema kaka bila kugeuka, "mpishe mgeni kiti." Akavaa kioo chake cha jicho. "Kaeni chini, mle kwanza."